Benchi la Waliotengwa

Katika kanisa letu karibu na Ipogolo, chini ya mlima uliobeba mji wa Iringa, benchi la mwisho lililoegemea ukuta lilijulikana ni la nani. Lilikuwa la waliotengwa. Walikaa hapo wanaume waliooa mke wa pili, wasichana waliopata mimba kabla ya ndoa, na wazee wa watu walioshindwa na ulanzi, pombe ya mianzi. Mvua zikianza na mianzi ikianza kutoa ulanzi, benchi lilijaa mpaka watu wakabanana. Kiangazi walibaki wawili watatu, wakijifunika mashuka kwa baridi ya mlangoni. Mimi nililikalia masika na kiangazi kwa miaka sita, na katika hiyo sita, mitano hakuna aliyenilazimisha.

Hiyo mitano ndiyo ninayotaka kuieleza, kwa sababu ndiyo inayonitia aibu. Ule mwaka wa kwanza ulikuwa halali yangu.

Nilikuwa nasomea ualimu Mbeya, mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa binti wa mzee wa kanisa, mwimbaji wa kwaya, na nilijiona mtu wa maana sana. Mimba ilipoonekana, nilipewa barua na siku moja ya kufunga sanduku. Aliyenipa mimba tulikuwa darasa moja. Yeye alimaliza chuo, akapangiwa shule huko Makongolosi, na kwa nilivyosikia aliendelea kuimba kwaya kama kawaida. Hakuna benchi lililomngoja. Nilikasirika kwa hilo na bado ninakasirika, ila hasira hiyo si habari ya leo.

Nilishuka kwenye basi pale Ipogolo, sanduku la bati kichwani na koti limefungwa vifungo vyote, kana kwamba koti lingemdanganya mama yangu. Mama alinitazama mara moja tu, akanipokea sanduku. Baba nilimwamkia, "Kamwene, baba." Akaitikia kamwene, akachukua mundu akaenda kukata majani ya ng'ombe, na majani yalikuwa yamejaa tele bandani.

Jumapili ya tatu jina langu lilisomwa. Zamu ya kusoma matangazo ilikuwa ya baba. Mchungaji alimshauri ampe mzee mwenzake karatasi ile. Baba akakataa. "Nimesoma ya watoto wa wenzangu," alisema. "Nitasoma na ya wangu." Akasoma kwamba binti fulani, nyumba fulani, amevunja amri ya sita na ametengwa na meza ya Bwana. Kisha akasoma tangazo lililofuata, la watu kwenda kupalilia shamba la usharika. Wakatoliki wa Tosamaganga walikuwa na bahati yao: waliungama kwa padre, sirini. Sisi yetu yalisomwa katikati ya wagonjwa na mahindi.

Nilijifungua mtoto wa kike. Nikafundishwa upya katekisimu pamoja na mlevi mmoja aliyesinzia kila somo, na mwaka ulipotimia nikarudishwa kundini. Nilisimama mbele ya watu wote, mtoto amelala mgongoni. Mchungaji alinishika mkono wa kulia, akasema nimesamehewa na meza iko wazi kwangu. Akina mama wakapiga vigelegele. Mama yangu, aliyekuwa benchi la tatu, akasogea kunipisha nikae.

Nikampita. Nikarudi nyuma, nikakaa palepale nilipotoka.

Kama ungeniuliza siku ile, ningekujibu ni unyenyekevu. Niliamini Mungu anampenda zaidi mtu anayejiona takataka. Nilihofia pia maneno ya watu, kwamba yule binti amesahau upesi. Basi Jumapili za Chakula cha Bwana niliomba kazi ya kuchemsha chai ya wazee, wenzangu wakipiga magoti madhabahuni mimi nikapuliza kuni nje. Kwaya waliniita, nikasema sauti yangu imekufa. Haikuwa imekufa, niliimba vizuri tu nikiwa mtoni nafua.

Na kuna jambo jingine, nalo naliandika uso ukiniwaka. Nilisifiwa. Akina mama walinong'ona, "Yule dada kajishusha kweli, tofauti na wale wengine." Neno hilo lilikuwa tamu. Nilizoea kulisubiri. Nilikuwa najidharau, kisha najivuna kwa jinsi ninavyojua kujidharau, na sikuona ubaya wowote.

Mtoto akakua. Mtu akimsifu, nilimkatisha: "Msimsifu, atavimba kichwa." Bibi yake alipomshonea gauni la maua nililifungia sandukuni, nikamwambia mtoto nguo hizo si za watu kama sisi. Tukialikwa harusini tulikaa karibu na masufuria. "Tusijipeleke mbele," nilimwambia, na alipoanza kuongea vizuri akawa ananiambia yeye. Niliona nimepata mtoto mwenye adabu. Wanasema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mimi msemo huo niliufikiria kwa habari ya wezi na walafi tu.

Mwaka wa tano akaja mchungaji mpya, Mnyakyusa kutoka upande wa Mbeya, mtu wa sauti kubwa na kicheko cha kusikika mpaka barabarani. Alikuja nyumbani, akakaa, akauliza bila kuzunguka:

"Dada, mbona mezani sikuoni?"

"Sistahili, Mchungaji."

"Mwe!" akasema. "Kwani mimi nastahili? Yule mzee anayekoroma nikihubiri, anastahili?"

Nikainamisha macho kwa namna niliyojua inapendeza. Yeye hakupendezwa. Akasema, "Mungu ameshakata kesi yako, amekuachia. Wewe ndiye unayekata rufaa upate kifungo. Na tena, tumeamriwa kumpenda jirani kama tunavyojipenda wenyewe. Sasa wewe usiyejipenda, huyo jirani atapata nini kwako?"

Nilimwona mtu wa mzaha asiyeogopa dhambi. Nikamwongezea chai. Moyoni nilisema mimi simdhuru jirani yeyote, nakaa kimya kwenye benchi langu. Mtoto alikuwa hapohapo mkekani anapukuchua mahindi.

Mwishoni mwa Septemba ikafika sikukuu ya Mikaeli na Watoto, siku ambayo watoto ndio wanaoongoza ibada. Mwanangu alikuwa na miaka sita. Mwalimu wa shule ya Jumapili alimchagua aseme kwa kichwa ile amri ya kumpenda jirani, na akaishika kwa siku mbili. Aliisema akipukuchua mahindi, akaisema akichota maji, akawa anamsemea hata ndama. Nilijikaza nisimsifu.

Jumapili ile watoto wote walikaa mbele kwenye mikeka. Wangu alikaa na mimi nyuma, kama kawaida yetu. Nilidhani akiitwa atakwenda. Akaitwa. Akashika ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili. Akaitwa tena, watu wakaanza kugeuka. Mwalimu akaja mpaka kwetu, akainama, "Njoo mama, zamu yako."

Mwanangu akamjibu kwa sauti ileile safi aliyoizoeza wiki nzima: "Sisi hatukai kule. Sisi ndio wale wabaya."

Mtu mmoja alicheka kidogo. Mwalimu alinitazama. Kanisa zima lilinitazama, na mbele kabisa niliiona shingo ya baba yangu, ambaye peke yake hakugeuka.

"Nenda," nikamnong'oneza.

"Twende wote," akasema.

Zilikuwa hatua kama ishirini. Nilichotakiwa ni kusimama na kumshika mkono, basi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Sikusimama. Nilikaa vilevile, nikatazama viatu vyangu, mpaka mwalimu akaondoka na amri ile ikasemwa na mtoto mwingine, tena kwa kukosea, akapigiwa makofi. Katika maisha yangu nimefanya mengi yasiyopendeza, pamoja na lile lililosomwa kwenye matangazo. Hakuna linalonichoma kama dakika ile niliyokalia benchi.

Mchana nilikuwa uani nachambua maharage. Baba akaja na kigoda chake, akakaa mbele yangu. Kwa miaka sita hatukuwa tumezungumza zaidi ya ng'ombe na mvua.

"Nani amemfundisha mtoto kwamba ni mbaya?" akauliza.

"Hakuna, baba."

"Mimi sijamfundisha. Mama yako hajamfundisha."

Nikaendelea kuchambua. Nilikuwa natupa maharage mazima pamoja na mabovu.

"Lile tangazo nililisoma mara moja," akasema. "Nililisoma mwenyewe ili liishe. Wewe umekuwa ukimsomea huyu mtoto kila Jumapili." Akainuka, akachukua kigoda chake, akaenda zake kwa ng'ombe. Sikuwahi kumwona baba akilia, na siku ile pia hakunipa nafasi ya kumwona.

Nililia mimi. Nililia kwa hasira kwanza, kwa sababu nilitaka awe amekosea. Nilitafuta nani mwingine wa kumlaumu: yule wa Makongolosi, mkuu wa chuo, wazee wa kanisa. Wote walikuwa na lao. Lakini hakuna hata mmoja wao aliyemwambia mtoto wa miaka sita akae karibu na masufuria. Nilimpa mwanangu kile nilichojipa mwenyewe, tena kwa kipimo kilekile.

Jumapili ya Chakula cha Bwana iliyofuata sikwenda kupuliza kuni. Nilikaa nyuma na mwanangu, maana kuhamia mbele kwa siku moja kulinishinda. Mabenchi yakaitwa moja moja. Lilipofika letu nikamwambia anisubiri, nikasimama. Niliona kila mtu ananihesabia hatua, ingawa nadhani wengi walikuwa wanawaza ugali wao. Nikapiga magoti kati ya mwanamke nisiyemjua na mzee yule wa kukoroma. Mchungaji alinipa kama alivyowapa wengine, bila kunitupia jicho la pekee, na kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Niliporudi mwanangu alikuwa amesimama juu ya benchi ili aone vizuri.

"Wamekupa?" akauliza.

"Wamenipa."

"Hawakukufukuza?"

"Hapana."

"Na siku zile nyingine walikuwa wanakufukuza?"

Ningeweza kumwambia anyamaze, tuko kanisani. "Hapana," nikasema. "Nilikuwa siendi."

Akatazama mbele, benchi la tatu, ilipokuwa kanga ya bibi yake. "Kwa hiyo tungeweza kukaa na bibi?"

"Tungeweza."

"Tangu lini?"

"Tangu hujaanza kutembea."

Alinitazama usoni jinsi mtu mzima anavyomtazama mwenzake aliyemdanganya. Kisha akateremka kwenye benchi, akapita katikati ya kanisa wakati wimbo unaendelea, akaenda kukaa na bibi yake. Hakunisubiri, nami nikabaki pale nyuma nikimtazama mgongo wake mpaka baraka ya mwisho.