Diski Niliyompa Mukubwa

Wakati ule wa vita nilikuwa fundi pekee wa kituo kimoja kidogo cha redio pale Kalundu, karibu na bandari. Kazi yangu kubwa ilikuwa kutunza seva, mashine iliyohifadhi sauti zetu zote. Watu waliokimbia vijiji vya Sange na Rurambo walikuja kurekodi ujumbe kwa jamaa zao waliopotea. Hewani tulitaja jina na kijiji tu. Mahali mtu alipojificha palibaki ndani ya mashine.

Mashine hiyo ilikuwa na diski nne zilizopangwa kama droo, na ndani yake kadi ya kuziongoza. Kadi iligawa mzigo kwa zote nne, hivi kwamba moja ikifa, tatu zinaendelea kubeba, wala huzimi mashine ili kuitoa iliyokufa. Zikifa mbili, kwisha habari. Na juma hilo moja ilikuwa imekufa: taa yake ya kijani imegeuka rangi ya machungwa. Mama Directrice, mkuu wetu, alikuwa ameagiza nyingine Bujumbura, lakini mpaka ulifungwa na kufunguliwa kama mdomo wa mlevi.

Asubuhi moja akaingia ofisa mwenye bastola, na askari wawili nyuma yake.

"Weye njo informaticien, fundi wa mashine?"

"Ndiyo, mukubwa."

"Nipe ile kitu yenye kuweka sauti za wale wakimbizi. Nataka kujua wako wapi."

Ulimi wangu, ambao umeniponza tangu shule ya msingi, ulikuwa tayari unatafuta la kusema. Nikampeleka kwenye seva, nikafyatua kishikizo cha diski iliyokufa. Akanidaka mkono.

"Ngoja. Zingine tatu ziko kijani. Juu ya nini unanipa hii?"

"Mukubwa, embe lenye kuiva liko na rangi gani?"

Akafikiri. "Ya machungwa."

"Na bichi?"

"Kijani."

"Basi. Hizi za kijani zingali bichi, hazina kitu."

Nikaivuta yote. Kadi ikapiga kelele: piii, piii, piii. Askari mmoja akaruka nyuma, akakoki bunduki.

"Inalia nini?" akauliza ofisa.

"Iko inalilia moyo wake, mukubwa. Umeuchukua."

Akatabasamu kama mtu aliyesifiwa. Akaifunga diski kwenye leso, akatoka akiibeba kama yai.

Mama Directrice alifunga mlango, akakaa sakafuni, akacheka mpaka kitenge kikamfunguka. Kisha akafuta machozi na kunikazia macho. "Siku moja utatuuwisha weye." Nikaenda kuinyamazisha kadi iliyokuwa bado inalia.

Kesho yake akaja yule askari mruka nyuma. "Mukubwa anasema haifunguki. Anaomba mot de passe."

Nikamwandikia neno la siri la herufi thelathini, kubwa na ndogo zimechanganywa, nikamwonya kwamba wakikosea moja waanze upya. Sikumwona tena.

Diski mpya ilivuka mpaka katikati ya mzigo wa vitenge wa dada yake Mama Directrice. Niliisukuma mahali pake huku wimbo wa kwaya ukiwa hewani, na wimbo haukukatika. Taa ikaanza kupepesa: kadi ilikuwa inaijaza polepole kutoka kwa zile tatu. Kazi ya saa nyingi, na kama diski nyingine ingekufa katikati tungepoteza vyote. Mama Directrice akakataza viatu ndani ya nyumba, diski zisitikisike. Watangazaji wakatembea pekupeku. Yeye akakaa kando ya seva na rozari yake.

"Na weye Muprotestanti," akaniambia, "funga hata macho tu."

Nilifunga jicho moja. Lingine nililihitaji kwa kuchunga taa.

Taa ikiwa bado inapepesa, akaingia mfugaji mmoja kutoka Rurambo, fimbo mkononi. Alikuwa amesikia jina la mke wake redioni. Nikaitafuta sauti, ikatoka safi, mkewe akieleza yuko kwa nani na kwamba mtoto amepona homa. Mwanaume akaomba nirudishe. Nikarudisha. Akaomba tena.

Halafu akauliza kama kuna njia ya kufika huko bila kupita barabara kubwa yenye askari. Mama Directrice akaweka rozari chini, akatafuta kalamu, akaanza kumchorea njia.