Kadi ya Herufi za Mikia

Hapana mwanangu, si ati nakatalia kadi yako ya harusi. Chapisha. Hizo herufi ni nzuri, zimejikunja, zimeburuta mikia kama mabibi wa gauni refu kanisani. Mimi shule sikuingia, lakini urembo naona bila mwalimu. Ninachokataa ni ile ya babu yako wa Donholm. Usimtumie kwa simu. Wala usipatie mtu wa boda.

Kaa kwanza. Kuna siku moja haijawahi kunitoka.

Tulikuwa tunaishi Ziwani, mimi bado msichana, na dadangu Tabitha alikuwa anaolewa. Baba alishakufa, kwa hivyo wa kusimama mahali pake ni kakake, Baba Mkubwa. Alikuwa anakaa hapo tu, ng'ambo ya bomba la maji. Na kwetu unajua, mahari haipokelewi kama mkubwa hajakaa kwa kiti.

Sasa Tabitha alikuwa taipisti huko mjini. Weh, hiyo sauti! "Mimi niende kukaa kwa mtu na kilo ya sukari kumwalika, kama watu wa ushago, huko kijijini? Siku hizi ni kadi." Na yule wa kuchapisha akamjaza, mdomo umejaa mate: "Madam, hizi herufi ni za Ikulu, madam!" Za dhahabu, mikia mpaka pembeni.

Nikatumwa mimi. Baba Mkubwa alikuwa anakula. Alinawa mikono ndio aishike. Akapitisha kidole polepole juu ya jina lake. Nafikiri halikuwa limewahi kuandikwa vizuri hivyo mahali popote. Akaniuliza, na sauti yake ya kukwaruza:

"Tabitha ni mgonjwa?"

"Hapana, Baba."

"Ako kazini?"

"Ako nyumbani."

"Haya. Enda."

Jumamosi wakwe wakafika. Kiti cha Baba Mkubwa kiko hapo, kitambaa kimefuliwa, hakuna mtu. Mama akaenda kumwita, akarudi peke yake. Tabitha mwenyewe akaenda, akarudi macho yamevimba. Wakwe walingoja mpaka chai ikashika ngozi, wakabeba vitu vyao, wakaenda. Hawakurudi. Na Tabitha hakuolewa tena. Hiyo kadi tuliipata kwa sanduku lake tulipomzika.

Kwa hivyo wewe, ya babu yako ibebe mwenyewe. Beba sukari na majani ya chai. Kaa, umwache aongee, hata kama ni ile hadithi yake ya kiatu, "Hiki kiatu, mjukuu, hiki kiatu...", cheka kama hujawahi kuisikia. Ukimaliza chai ndio umpe kadi, kwa mikono mbili. Mungu akutangulie, mwanangu. Siku yako viti vyote vipate wenyewe, na usingoje mlangoni kama dadangu.

Maana siku ile Tabitha alipokimbia kwake na gauni jipya, akapiga magoti hapo nje kwa vumbi, Baba Mkubwa hakuinuka. Alimwambia tu:

"Wewe ulinitumia karatasi. Iweke kwa kiti changu, ipokee mahari."