Nilisema Maji Yapo

Kwa kuwa nilikuwa kiranja mkuu mwaka ule wa ugonjwa, watu hupenda kuniuliza kama mimi mwanafunzi niliona ni sawa shule kufunguliwa. Wanauliza wakiwa wamejinyoosha kwenye makochi yao. Nami huwauliza: nani atabeba maji? Wengi hunitazama kama mtu aliyechanganyikiwa, halafu wanabadili mazungumzo.

Shuleni kwetu aliyebeba maji alikuwa mama yangu mdogo. Alikuwa mfanyakazi wa usafi pale kwa miaka kumi na sita, na wanafunzi walimwita Waziri, kifupi cha Waziri wa Usafi. Walianza kwa kumdhihaki, yeye akalipenda jina, likamkaa. Alivaa koti la buluu lenye kalamu mbili mfukoni ingawa kazi yake haikumtaka aandike chochote, na akipita na fagio lake asubuhi hata walimu walimpisha. Ukitupa karatasi chini hakugombi. Anasimama tu mbele yako, mikono kiunoni, mpaka uiokote, na ukishaiokota anakuonyesha na ya mwenzako.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka saba, na Waziri ndiye aliyenichukua. Yeye mwenyewe aliishia darasa la tano. Aliniambia bila kuzungukazunguka kwamba ananisomesha ili mtu mmoja wa ukoo atoke kwenye yale madarasa na cheti badala ya ndoo.

Kifua chake kilikuwa kibovu. Miaka kumi na sita ya vumbi la chaki na dawa ya vyoo si mchezo. Akipanda ngazi za ghorofa alisimama katikati akijifanya anakagua ukuta, na tulipokaa chumbani kwetu niliisikia pumzi yake ikipiga filimbi hata kama hajafanya kazi yoyote. Redio ilipotangaza kwamba ugonjwa mpya unashika mapafu, niliizima. Akaiwasha tena, akasema mtu hafi kwa kusikia.

Shule zikafungwa miezi saba. Nisiwe mnafiki, mwezi wa kwanza nilifurahi. Mwezi wa tatu nikafungua daftari la hesabu, nikakuta mambo niliyoyaandika kwa mkono wangu mwenyewe siyaelewi. Yule rafiki yangu tuliyekaa dawati moja, mtu wa kucheka hovyo, akaolewa. Mwingine akaenda kupanga matofali kwa mjomba wake, hakurudi tena kwenye vitabu. Mimi nilikuwa mwaka wa mwisho, nimebakiza mtihani mmoja tu, na niliona mlango unafungwa mbele ya pua yangu. Nilitaka shule ifunguliwe hata kesho yake.

Hatimaye likatoka tangazo: kila shule itakaguliwa, na itakayokutwa haina maji ya kunawa kila siku, nafasi ya kukaa na hewa ya kutosha, haitafunguliwa kwanza. Nilisoma lile tangazo nikacheka peke yangu. Sisi tulikuwa na bomba moja karibu na ofisi, lililotoa maji likijisikia. Tulikaa watatu watatu kwenye dawati. Madirisha ya madarasa ya chini yalikuwa yamepigiliwa mbao tangu wezi walipoiba balbu, na hakuna aliyewahi kuzing'oa.

Mwalimu mkuu alituita viranja siku tatu kabla ya ukaguzi. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi, maana ningependa kuwa na mtu wa kumchukia vizuri. Alitueleza nani atakaa wapi, nani atasalimia vipi. Nikanyoosha mkono.

"Mwalimu, na madirisha?"

"Madirisha yamefanya nini?"

"Yamepigiliwa misumari. Hewa itapita wapi?"

"Yatashughulikiwa."

"Lini, Mwalimu?"

Akavua miwani. "Kiranja, wewe unataka shule ifunguliwe au hutaki?"

Nikasema nataka.

"Basi kaa chini."

Madirisha yakashughulikiwa kweli. Walitundika mapazia.

Jioni ile, tukiwa uani tunafua sare zangu zilizokuwa zimelala sandukuni miezi saba, nilimwambia Waziri lililokuwa rohoni.

"Mama, wakifungua, wewe usirudi kwanza. Omba ruhusa."

"Ruhusa ya nini?"

"Ya hicho kifua."

"Kifua hiki nimeishi nacho tangu hujajua kuvaa viatu." Akakamua shati. "Nikikaa nyumbani nani atawasafishia? Wewe?"

"Nitaweza."

"Usinichekeshe, mbavu zenyewe mbovu." Alicheka, kikohozi kikamkatisha, akakaa juu ya ndoo mpaka kikatulia. Kisha akasema taratibu, "Mwanangu, umebakiza mtihani mmoja. Mmoja tu. Usije ukauachia mlangoni kwa sababu yangu."

Siku ya ukaguzi, mapema asubuhi, mkokoteni ulileta mapipa manane yenye koki, yamekodishwa kwa yule bwana anayekodisha viti na maturubai ya harusi. Moja bado lilikuwa na utepe wa waridi shingoni. Waziri akaung'oa, kisha akayajaza yote manane kwa maji aliyoyasukuma kwa toroli kutoka kioski cha maji ng'ambo ya barabara. Alipomaliza midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Tulipangwa wanafunzi thelathini, kila mtu na dawati lake, barakoa safi, tukapendeza kama tangazo la sabuni.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mwenye viatu vya mtu aliyezoea kutembea kwenye matope. Aliangalia madawati, akagusa mapazia. Alipofika kwenye mapipa alifungua koki moja, akanawa, akajifuta kwa leso yake. Halafu akamwambia mwalimu mkuu amsubiri ofisini, akanichukua mimi nyuma ya madarasa.

"Binti, hapa siandiki jina lako," akasema. "Hakuna atakayejua ni nani aliyeniambia. Nataka kujua jambo moja. Maji yapo hapa kila siku?"

Sitajitetea kwamba nilishtukizwa. Nilikuwa na muda wa kufikiri. Nilifikiria toroli, nikafikiria ngazi na ile pumzi ya filimbi. Nikafikiria pia mtihani. Kwenye kona ya vyoo, nyuma ya bega la mkaguzi, Waziri alikuwa amesimama na fagio lake, na alisikia swali kama nilivyolisikia mimi. Alinikazia macho kwa uso uleule aliokuwa akiutumia kuninywesha dawa nilipokuwa mdogo, akatikisa kichwa mara moja kukubali.

"Yapo," nikasema.

"Kila siku?"

"Kila siku, mama."

Mkaguzi alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka. Kisha akaandika. Kabla ya saa tisa alasiri mapipa yalikuwa yamesharudishwa kwa mwenyewe, kulikuwa na harusi Jumamosi.

Tukafungua Jumatatu. Wanafunzi mia sita na arobaini, barakoa zikiwa kidevuni, watatu kwenye dawati nyuma ya mapazia mazuri. Langoni alisimama Waziri na ndoo zake nne na jagi. Alikuwa ameamka alfajiri kusukuma toroli, na angesukuma tena saa nne, na tena saa saba. Nilimfuata nikamwambia aache, hakuna aliyemtuma.

"Umesema yapo," akanijibu. "Basi yatakuwapo. Sitaki mtu aje kukuita muongo mbele ya wenzako."

Nilishika mpini wa toroli, akanipiga kibao cha mkono kama mtoto anayedokoa mboga. "Rudi darasani."

Nikarudi. Nitasema ukweli wote: nilirudi kila siku. Kutoka dirisha la ghorofa, ambalo halikuwa na mbao, nilimwona akimmiminia maji kila mtoto, mmoja baada ya mwingine, na wao wakimpumulia usoni, wakimtania, wakikohoa bila kuziba mdomo. Shule nzima ilikuwa imechorwa alama za chaki za mita moja. Mtu aliyekaa karibu zaidi na pumzi za watoto mia sita na arobaini alikuwa yeye, na hakuna aliyempimia hata hatua moja.

Wiki ya pili nilikwenda ofisini. Nilimwambia mwalimu mkuu maoni yangu, na hayajabadilika mpaka leo: shule isifungwe, lakini tuje kwa zamu, nusu leo nusu kesho, kila mtu aje na chupa ya maji kutoka kwao, mbao zing'olewe, wezi wakija waje, na yule mama aondolewe langoni. Alinisikiliza vizuri sana. Akasema nina akili ya uongozi, akanivika kilemba cha ukoka pale pale. Akasema ataliangalia.

Wiki ya nne Waziri alianza kukohoa tofauti. Alisema ni chaki. Siku ya pili akasema ni baridi. Siku ya tatu aliacha toroli katikati ya barabara, akakaa kwenye ukingo, na muuza maji wa kioski ndiye aliyetuma mtu kuniita darasani. Nilipofika alinigombeza kwa kukosa kipindi. Aligombeza kwa maneno mafupimafupi, mawili mawili, kwa sababu pumzi haikutosha zaidi ya hapo.

Hospitali hawakuruhusu ndugu kuingia. Kulikuwa na muuguzi mmoja aliyenionea huruma, alikuja dirishani mchana na kunipa salamu. Siku ya kwanza Waziri aliuliza kama nimekula. Siku ya pili aliuliza nani anajaza ndoo. Nilimwambia muuguzi amwambie wamepata mtu. Hawakuwa wamepata mtu. Ulikuwa uongo wangu wa pili, na huu ningeurudia.

Siku ya tano, saa nne asubuhi, nilikuwa kwenye somo la jiografia nilipoitwa ofisini. Mwalimu mkuu alikuwa amesimama. Aliponiambia karibu kiti, nikajua.

Walimzika watu waliovaa plastiki kutoka utosini hadi miguuni. Mimi niliwekwa mbali, nyuma ya kamba, na mambo yote yalikwisha kabla sijamaliza kulia vizuri. Sikumwona uso. Sikujua hata kama wamemzika na koti lake. Nilikuwa na hasira na wanafunzi wote, kila mmoja niliyemwona akipita barabarani na begi nilitamani kumrukia. Hasira hiyo ilinisaidia kwa siku tatu hivi. Baadaye ikaanza kunirudia mwenyewe, na huko ndiko ilikobaki.

Shuleni tulisimama kimya dakika moja. Mwalimu mkuu alisema marehemu alikuwa mfano wa kuigwa, na kwamba tumshukuru Mungu hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyelazwa. Watu wakapiga makofi. Kesho yake langoni hapakuwa na ndoo, na wanafunzi walipita moja kwa moja kama vile hakujawahi kuwa na kitu pale. Mbao za madirisha zilikuwapo. Nilikwenda na nyundo ya jirani, nikang'oa za darasa moja kabla mlinzi hajanizuia. Hakuna aliyeniadhibu. Nadhani walinihurumia, na hilo lilinikera kuliko fimbo.

Nikasoma. Ndiyo, nilisoma, ningefanya nini kingine? Kila ukurasa niliousoma niliona umeshalipiwa, na siwezi kuurudisha.

Shule yetu haikuwa kituo cha mtihani, kwa hiyo siku ilipofika tulipelekwa shule nyingine, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Mabomba ndiyo niliyoyaona kwanza nilipoingia langoni. Matenki mawili makubwa meusi juu ya msingi wa saruji, chini yake mabomba kumi yamejipanga, yote yanatoa maji. Pembeni, kwenye stuli, alikaa mzee mwenye koti la kazi na chupa ya sabuni mapajani. Alikuwa mfanyakazi wa usafi wa pale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Lete mkono."

Nikauliza, kwa kuuliza tu, matenki yale walipewa na nani.

"Haya? Haya ni ya ule ukaguzi." Alikuwa mtu wa kupenda kusimulia. "Mkaguzi alimchukua kiranja wetu nyuma ya madarasa, akamuuliza kama tuna maji. Kijana akasema hatuna hata tone. Weee! Mwalimu mkuu alitaka kumla mzima mzima. Tukaandikwa hatuko tayari, tusifungue. Basi wiki tatu baadaye lori hilo, matenki hayo, na fundi wa bomba juu. Kumbe shule zilizoandikwa hazina ndizo zilizokuwa zikiletewa. Tumechelewa wiki tatu tu." Akainua chupa ya sabuni. "Na mimi mgongo huu unaouona, tangu siku hiyo sijabeba ndoo hata moja. Kazi yangu imekuwa hii, kukaa."

Nilishindwa kuufumba mkono. Sabuni ilikuwa imeanza kudondoka chini.

"Na nyinyi kwenu," akauliza, "mlimjibuje?"

"Tulisema yapo."

"Ah," akasema, "basi nyinyi mna bahati."

Nikanawa, nikaingia kufanya mtihani. Nilifaulu.