Tumbawe Kwenye Ndoo

Kila ninapokwangua ukoko mweupe wa chumvi kwenye birika, nalikumbuka lile tumbawe kavu ambalo shangazi alituletea nyumbani Nkuhungu, Dodoma, kutoka Tanga nilipokuwa mtoto. Alisema hukua baharini, penye chumvi na jua. Basi! Maji ya kisima chetu yalikuwa ya chumvi, na Dodoma ndiyo nyumbani kwa jua. Nikalitumbukiza kwenye ndoo, nikaiweka uani, nikakaa kusubiri likue.

"Nani kaanika maji yangu juani?" mama akafoka, maana aliyapangia foleni tangu alfajiri. "Yanaunguza! Kitu gani kitaota humo?"

Jana shangazi alipiga simu. Baada ya shikamoo akaniambia bahari imepata joto, matumbawe yanageuka meupe na kufa. Nikajikuta namfokea, mtu mzima yule: "Na bahari nani kaianika?"