Matone ya Kwanza

Tereza wa Igogo alipika gongo miaka kumi na tisa, na hakuna mnywaji aliyepata kupofuka kwake. Kikombe cha kwanza kilichodondoka kwenye bomba alikimwaga chini bila huruma, maana humo ndimo sumu ilimokaa. Polisi walimjua. Walimwaga mapipa yake mara nne, naye akapika tena.

Dorotea alijifunza kwake. Alikuja hana hata sufuria, akafundishwa moto, akafundishwa kumwaga. Leo Dorotea ana leseni! Ana kiwanda kidogo kule Mirongo, ana mtaalamu wa kupima, ana chupa zenye nembo ya ubora, na askari walewale wanaingia dukani kwake kununua, tena wanadai risiti. Tereza alipoishika chupa ile mara ya kwanza, aliigeuzageuza kwa wivu. Kwenye lebo wameandika: "Matone ya kwanza hayamo." Maneno yake mwenyewe, yamepigwa chapa, na yeye bado anapika kwa kujificha nyuma ya choo.

Wateja wakahama. Wachache waliobaki walitaka kitu kikali, wakisema ya Dorotea ni laini mno. Basi safari hii Tereza hakukimwaga kikombe cha kwanza. Alikichanganya humohumo, gongo iwake kifuani, watu waseme mwanafunzi hajamfikia mwalimu.

Mchana wake akaja Mayala, fundi wa mitumbwi, aliyekuwa amepotea mwezi mzima.

"Shikamoo, mama Nathaniel."

"Marahaba. Ulihamia Mirongo na wewe?"

"Nilionja tu, mama. Wale wanakuandikia kwamba haina sumu, na mimi kusoma sijui. Kwako sihitaji kuandikiwa."

Akainua kikombe. Tereza alimtazama macho yale mawili yanayopima mbao bila rula. Alikipiga kikombe kwa kiganja, gongo yote ikamwagika magotini pa Mayala.

"Mama! Umepatwa na nini?"

"Ya leo mbaya. Nenda kwa Dorotea."

"Kwa Dorotea? Wewe ndiye unanituma?"

"Hujanisikia? Nenda! Yake ni safi, nilimfundisha mwenyewe."

Mayala akaondoka akijikung'uta suruali, akishika njia ya Mirongo. Tereza alibaki akilia kwa hasira, kwa sababu alijua hatarudi.