Spiriti Juu ya Santuri ya Vita

Mimi hakuna cha kunishangaza. Nilitoka kambi ya wakimbizi na darasa la nne na suruali moja, leo nina magari matatu ya usafi hapa Blacktown, Sydney, na watu kumi na mmoja wanakula kwa jasho langu. Korona ilipokuja, wenye digrii wakajifungia ndani, simu yangu haikupumzika. Chupa yangu ya spiriti ikipita, kirusi kinajijua.

Basi nikaitwa mtaa wa Doonside kwa bibi mmoja Mjerumani, baada ya wiki tatu anahamia nyumba ya wazee. Kila atakachobeba kipanguswe. Nikapangusa mwenyewe, sikutuma mtu: kiti, picha, hadi santuri moja nzito ya enzi za vita. Nikaimwagia spiriti, nikasugua. Kitambaa kikatoka cheusi tii. Nikasema, huu uchafu ni wa tangu Hitla! Nikaongeza.

Bibi akaiweka kwenye gramafoni. Ikakwaruza kama kuku juu ya bati.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Humo alikuwemo kaka yangu."

Kaka alipiga fidla katika okestra ya kondakta mkubwa, si wa basi, yule anayeongoza wapigaji kwa kijiti, wakirekodi huku mji unapigwa mabomu. Kisha akapelekwa vitani, hakurudi. Sauti yake nyingine haipo. Na santuri za zamani, kumbe, zimefanywa kwa gundi inayoyeyuka kwenye spiriti.

Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. "Mkurugenzi! Umemuua mtu aliyekwisha kufa!"

"Nitamfufua."

Nikapigia kila mteja niliyewahi kumsafishia stoo. Asiyesoma vitabu husoma watu. Siku ya tisa nikampata mwalimu mstaafu, mtaa wa Fairfield, anayo santuri ile ile: kondakta yule, okestra ile, mwaka ule.

"Haiuzwi," akasema. "Kondakta huyu..."

"Mzee, nitajie bei, historia utaniambia baadaye."

Akataja. Mimi ninayevutana bei hata ya nyanya, sikuomba apunguze hata senti.

Siku mbili kabla bibi hajahama, nilisimama barazani kwake na barakoa yangu, dirisha wazi. Fidla zikaanza, nyingi, kama nyuki. Bibi akainua kidole. "Huyo."

Mimi sikutambua ni yupi. Lakini nilisimama wima kama niliyeongoza okestra yote. Nani mwingine Sydney nzima angeweza?

Santuri, posta, na sindano mpya ya gramafoni, yote mfukoni mwangu: dola mia saba thelathini na nane na senti sitini.