Ndama wa Mama na Wivu Wangu

Kuna siku moja ambayo siisahau, mwanangu, ingawa sasa hata miwani naitafuta nikiwa nimeivaa. Ilikuwa hapa Isiolo, miaka ya sabini ikielekea kwisha. Mama yangu mzazi alikuwa amepotewa na kumbukumbu, nami, binti yake wa pekee, nikamtoa kijijini kwake Kinna nikaja naye kwangu. Nilimwogesha, nikamlisha, nikamfulia. Lakini aliyeitwa "binti yangu" katika nyumba ile hakuwa mimi. Alikuwa Kabale, mke wa kaka yangu.

Nilimwonea wivu, sifichi. Kabale aliishi nyumba ya pili, akija alasiri tu, mikono mitupu, na mama anacheka. Mimi niliyeshinda naye tangu alfajiri aliniita yule mwanamke mkali. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi mimi nilidhani Kabale habebi hata hilo kanda.

Kila alasiri mama alisimama mlangoni akiulizia ndama. Ng'ombe wetu walikwisha wote kwa ukame, nami kila siku nilimwambia hivyo, nikiamini ukweli ni haki yake. Kila siku alilia upya, na kesho yake yuko mlangoni tena. Kabale alimwuliza ndama yupi, wa ng'ombe gani, mama akataja rangi zao mmoja mmoja. Kisha wakakaa chini kuvifukiza moshi vyombo vya maziwa, kama wanawake wa Kiborana wafanyavyo ili maziwa yasiharibike, na vyombo vyenyewe vilikuwa vikavu miaka mingi.

Siku hiyo niliwakuta mama amemwekea Kabale mkono kichwani, anamtemea mate ya baraka, ile baraka ambayo mzazi humpa mtoto wake. Moyo ukaniwaka. Ningeweza kusamehe kicheko, lakini si baraka. Nikanyakua vyombo, nikavifungia sandukuni, nikamwambia Kabale akatafute mama yake, huyu ni wangu.

Hakubisha. Alisema tu, "Sawa, wifi. Lakini akiuliza ndama, usimwambie wamekufa."

Nilimwambia mama vilevile kuwa wamekufa, kesho yake na keshokutwa yake. Siku ya tatu nilipogeuka kuepua sufuria, mlango ulikuwa wazi na mama hayupo. Nilikimbia mtaa mzima kichwa wazi, mimi niliyekuwa nimewaficha majirani ugonjwa wake kwa kuona haya, nikiwaambia ana homa. Nilimkuta mbali kwenye barabara ya Kinna, miguu imechanika, ameshikana mikono na Kabale. Kabale ndiye aliyemwona kwanza, naye hakumvuta. Walikuwa wanarudi polepole wakizungumza habari za ndama.

Tulipomlaza, nikamwuliza Kabale kwa nini mama hanijui. Nililia nikiuliza.

"Wifi, wewe ndio unamletea msiba kila siku," alisema. "Nyanya yangu huko Sericho alikuwa hivi hivi. Sisi tulimliza miaka mbili ndio tukaelewa. Atasahau maneno yako, lakini uchungu haumtoki."

Tangu siku ile Kabale alinifundisha, na tukagawana zamu. Nilijifunza kutobishana, kumpa mama kazi ya mikono, na kwenda kulala Kabale akiwepo. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Muda ulipita, na asubuhi moja mama alinishika kichwa akanitemea baraka. Aliniita Kabale. Iliniuma, sikudanganyi, lakini niliinama nikaipokea, wala sikumsahihisha.

Basi mwanangu, ukipewa mzee aliyesahau, usishindane naye; mwulize anachokitafuta, ukae naye hapohapo alipo. Usimfiche kama aibu. Waambie majirani, ili wakimwona njiani wamrudishe. Tafuta aliyekwisha kulea mgonjwa wa namna hiyo akufundishe, kuuliza si ujinga. Na akimpenda mwingine kuliko wewe, mshukuru huyo mwingine, umpe zamu, kwa sababu kidole kimoja hakivunji chawa.

Mungu akupe mikono myepesi na moyo usiohesabu. Akupe na Kabale wako, na siku mimi nitakapokuita kwa jina lake, itika.